Nilivyomfanya Kucha Kuwa Mtu Mwema

Jumamosi, 4 Mei

Tumemkamata Kucha! Miezi minane tunamsaka jambazi huyu, na leo mchana kanaswa sebuleni kwetu, kati ya birika la chai na sahani ya karanga.

Kwa atakayeiokota shajara hii: Kucha hayupo. Ni mtu wa mchezo wetu wa hadithi, ule wa kurusha dadu. Mke wangu ndiye msimamizi. Yeye ndiye mvua, walinzi na majambazi wote. Mimi, fundi miwani wiki nzima, kila Jumamosi ni mchawi Ngurumo. Jirani yetu mama fundi, wa cherehani, ni mpiganaji wa upanga. Shemeji, mdogo wa mke wangu, nesi wa zahanati, siku hizi ni kuhani. Kabla ya hapo kwa miaka minne alikuwa mpiga upinde, aliyeanguka darajani mwezi wa pili akafa. Kamba ya daraja ilikatika. Mambo ya mchezo.

Tumfanyeje Kucha? Mama fundi anataka anyongwe. Shemeji anataka afungwe. Mimi nikapendekeza Takaso, uchawi wa kumgeuza mhalifu kuwa mwema. Kitabu cha kanuni kinasema mchawi aandike sentensi moja ya kueleza mtu mwema ni nani, na mhalifu atakuwa hivyo hivyo. Shemeji akauliza: Kucha akishakuwa mwema, Kucha mwenyewe atakuwa amekwenda wapi? Nikamwambia atakuwa pale pale. Akasema pale atakuwa mtu mwingine aliyevaa viatu vyake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kura Jumamosi ijayo.

Nia yangu halisi: Kucha anajua taji aliloiba lilikofichwa. Kundi letu halina kiongozi bado, na tumekubaliana atakayelipata taji ndiye. Mtu mwema hawezi kunificha.

Jumatatu, 6 Mei

Lile swali la shemeji limenikaa kichwani. Kazini nilimuuliza mteja kama angependa kufanywa mwema bila kuulizwa. Akajibu amefuata miwani. Hapo nikawaza: ninapomrekebishia mtu macho, je, si namgeuza? Lakini mteja huja kwa miguu yake. Kucha tulimleta kwa kamba. Inashangaza kweli. Nilizama humo hadi nikasaga kioo cha jicho la kulia kwa vipimo vya kushoto.

Jumatano, 8 Mei

Kura ya mama fundi lazima niipate. Nimempelekea suruali isiyohitaji kushonwa, nikapata kisingizio cha kukaa. Akauliza kama Kucha atawakumbuka aliowaibia. Nikasema atawakumbuka wote, na atajuta kila asubuhi. Akawaza, sindano mdomoni, kisha akasema hiyo ni mbaya kuliko kunyongwa. Kura yake ninayo!

Suruali kaikata. Sasa inaishia juu ya vifundo.

Alhamisi, 9 Mei

Kuandika sentensi. Ya kwanza: “Mtu mwema humtii Ngurumo.” Mke wangu akachungulia begani kwangu, akasema huyo si mwema, huyo ni mtumwa. Nikaifuta. Ya pili: “Mtu mwema hurudisha alichoiba na husema ukweli wote anaoujua.” Safi. Kisha nikaogopa kupoteza mchana mzima nikimhoji, nikaongeza: “bila kuulizwa.” Nimejipongeza kwa kikombe cha pili cha chai.

Jumamosi, 11 Mei

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Kura zikatosha. Dadu ikanipenda. Kucha akalia, na mke wangu anajua kulia; mama fundi alitoa leso. Akataja taji lilipo: kisimani, chini ya jiwe la tatu. Nikasimama kupokea pongezi. Kumbe Kucha hajamaliza. Akaendelea, bila kuulizwa. Akataja ng'ombe alioiba, kengele aliyoiba, kisha akasema siku ile ya daraja alikuwa amejificha chini yake, na kwa macho yake alimwona Ngurumo akiikata kamba.

Ni kweli. Kwetu mchezaji anaweza kumpa msimamizi kikaratasi cha siri, na msimamizi amekula kiapo cha kutokitoboa. Mwezi wa pili nilimpa mke wangu kimoja: “Ngurumo anakata kamba.” Mpiga upinde alikuwa achaguliwe kiongozi siku ile. Sikuwa na njia nyingine, au sikuitafuta.

Shemeji akaniuliza kama ni kweli. Nikajibu Ngurumo alikuwa na sababu zake. Akachukua mkoba wake, akaacha chai nusu, akaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji hapokei simu. Mke wangu anasema kikaratasi kile kimemkaa kooni miezi mitatu, na ananipa kisogo. Na mama fundi katuma ujumbe: naye Ngurumo afanyiwe Takaso, sentensi ataandika yeye.

Ngurumo! Miaka sita nimemlea! Kumgeuza bila ridhaa yake! Nimekaa chini nikaandika kurasa nne kuhusu uhuru wa mtu: kwamba wema wa kulazimishwa si wema, kwamba aliyegeuzwa hakutubu, ameharibiwa tu. Niliguswa mwenyewe. Nikamsomea mke wangu. Akasema ni kurasa nzuri sana, akauliza zilikuwa wapi wiki iliyopita.

Jumamosi, 18 Mei

Wamekuja wote. Shemeji pia! Nilifurahi hata nikataka kumkumbatia, lakini alikaa kiti cha mbali, karibu na mlango. Nikasoma kurasa zangu nne. Mama fundi akasinzia ukurasa wa pili, akaamka na sentensi yake tayari mkononi, akaomba tupige kura.

Shemeji akainua mkono.

“Msimguse Ngurumo. Mkimgeuza, atakayeniomba msamaha ni mtu mwingine. Mimi namtaka huyu huyu aliyekata kamba.”

Wala hakuwa akimtazama Ngurumo mezani. Alikuwa akinitazama mimi.

Mke wangu akaweka dadu chini. “Haya, mjibu mdogo wangu.”

Maneno yenyewe ni mawili au matatu, nayajua tangu utotoni. Nilisikia aibu, na chini ya aibu nilisikia jinsi nilivyomkumbuka shemeji. Nikafungua mdomo nikasema: basi Ngurumo afanyiwe Takaso, hata sasa hivi, ridhaa natia saini, kurasa zangu nne nazifuta.

Hakuna aliyecheka. Shemeji akasema Jumamosi ijayo atakuja tena, na atakaa kiti kile kile.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda zahanati. Peke yangu, kwa miguu, na suruali yangu fupi. Shemeji alikuwa zamu. Nilipanga foleni na wagonjwa. Zamu yangu ilipofika akaniuliza nina shida gani. Nikaomba anipime presha. Akanipima polepole, akasema iko sawa, akaondoa kile kitambaa mkononi mwangu, akakikunja. Kisha akauliza kama kuna jambo lingine. Alisubiri. Mgonjwa wa nyuma akakohoa. Nikasema hakuna.

Njia nzima nilijiona mjinga. Karibu na nyumbani, wazo! Nikaingia mbio, nikafungua kitabu cha kanuni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Takaso ni ya wahalifu peke yao! Hata kuhani wa shemeji anaweza kufanyiwa.

Sentensi nimekwisha kuiandika: “Mtu mwema husamehe kabla hajaombwa.” Kikaratasi cha siri kiko tayari mfukoni. Jumamosi nampa mke wangu chini ya meza. Kumuuliza shemeji hakuna haja, maana atakataa, na jambo lenyewe ni kwa faida yake.