Kinasa cha Pili

Jumatatu, 4 Machi.
Mazoezi gerejini kwa Wendell, kiongozi wetu wa bendi. Balaa! Kasema Jumamosi, kwenye dansi la ukumbi wa maveterani wa vita, ule wimbo wa taratibu wa kufungia ataupiga Hutto, mpiga gitaa mwenzangu. Mimi nishike tari. Tari! Mimi, mpiga solo bora wa mji mzima wa Lubbock, Texas! Eti gitaa langu linakereketa. "Delmar, ndugu yangu, wazee wanacheza wamekumbatiana, wewe unawatoboa masikio." Sababu naijua. Gitaa langu lina kinasa kimoja tu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, nacho kiko mkiani, penye ukali. La Hutto lina viwili. Cha pili kiko karibu na shingo, hicho ndicho chenye sauti nene, laini. Basi nami nitaweka cha pili. Wendell kakubali kunisikiliza tena Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi.
Nani ana kinasa cha ziada? Hutto, nani mwingine. Nimemwendea na uongo mtamu: mpwa wangu anajifunza ufundi. Akanipa bure, mjinga yule, na kahawa juu. Alitaka kunieleza jambo kuhusu nyaya zake mbili, eti hiki ni cha kiwanda kingine. Nikamkatiza. Ningekaa zaidi angenishtukia. Adui kunipa silaha kwa mkono wake! Raha iliyoje.

Jumatano, 6 Machi.
Nimelichonga gitaa tundu la kinasa juu ya meza ya jikoni, kwa mashine ya mbao niliyoazima kwa shemasi wa kanisa letu. Tundu limekuwa kubwa kidogo. Sawa, kubwa sana. Vipande vya mbao vimeruka hadi kwenye sufuria ya Nadine, mke wangu, aliyokuwa akipikia chili, ule mchuzi wetu wa nyama na pilipili. Baba mkwe akatafuna, kisha akauliza kwa uchungu ni nani katia maharagwe. Mtu wa Texas ukimtilia maharagwe kwenye chili, heri ungemtukana. Nadine kasema nichague, gitaa au kitanda. Niko kwenye kochi na gitaa. Mvumilivu hula mbivu.

Ijumaa, 8 Machi.
Nimelehemu nyaya na swichi ya kuchagulia kinasa. Vidole vimeungua, moyo haujaungua. Mazoezini nimewapigia wenzangu kinasa kimoja kimoja. Cha mkiani, kikali kama zamani. Cha shingoni, asali! Wendell kafumba macho, kasema wimbo ni wangu. Hutto kakitazama kinasa, kauliza mpwa wangu hajambo. Kisha kanisihi kesho nitumie cha shingoni peke yake. Wivu huo!

Jumamosi, 9 Machi.
Ukumbi umejaa. Nadine kanisamehe, kavaa gauni la bluu, kakaa mbele kabisa. Wimbo wa mwisho ukafika. Nikawaza: mtu atoboe gitaa zima kisha apige kinasa kimoja? Nikaweka swichi katikati, vyote viwili. Ole wangu! Sauti ikanywea, ikawa mbu ndani ya kopo. Nikafungulia spika hadi mwisho. Mbu mkubwa zaidi. Wazee wakasimama katikati ya ukumbi. Mmoja akagongagonga kifaa chake cha sikioni. Hutto akaudaka wimbo, akaumaliza vizuri, watu wakampigia makofi. Nadine pia kapiga. Hilo limeniuma kuliko yote.

Baadaye Hutto kanieleza, kwa upole unaochosha, kwamba nyaya za kinasa kipya nimeziunga kinyume, kwa hiyo vikilia pamoja kimoja kinafuta kingine. Nizibadilishe nafasi tu hizo mbili, kazi ndogo. Eti ndicho alichotaka kuniambia Jumanne.

Jumapili, 10 Machi.
Wendell kanikabidhi tari mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu. Nimelipokea, kwa muda. Nibadilishe nyaya? Nimpe Hutto ushindi mwingine? Thubutu! Nimetafakari mahubiri yote na tatizo nimelijua. Wawili wakigombana, wanahitaji msuluhishi. Katikati ya gitaa kuna nafasi ya kinasa cha tatu. Shemasi hajaidai mashine yake. Nimeshaanza kuchonga.