Magari Matatu Kuelekea Kaskazini

Alhamisi, 30 Aprili. Queensbury, London.
Nimeteuliwa! Kiongozi wa msafara: magari matatu, siku nne, hadi nyika za kaskazini mwa Uskoti, ambako kondoo ni wengi kuliko wapiga kura. Baba Mkubwa Kishor, mwenyekiti wa safari za jumuiya yetu, ametamka wazi: nikiyafikisha magari yote matatu pamoja, mwezi Agosti nitaziongoza familia kumi na mbili kuvuka jangwa la Australia. Nikishindwa, ataongoza mwingine. Hemal, mwanawe, daktari wa meno, alidai kwamba simu inatosha kutuonyesha njia. Nilimpinga kwa dakika arobaini. Misafara ya kale haikuwa na simu, na ilifika. Akauliza ni mingapi haikufika. Swali la kitoto. (Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Hemal, mzaliwa wa hapa London, hukisikia, hakisomi.)

Ijumaa, 1 Mei.
Simu zote nimezifungia katika kopo la biskuti, garini mwangu. Baba Mkubwa alitoa yake kwanza. Wengine wakakosa udhuru. Badala yake kila gari lina redio ya mawasiliano na kanuni tatu: usimpite aliye mbele yako, usimwache, usiseme upuuzi hewani. Gari la kwanza nimo peke yangu; kiongozi huhitaji utulivu. La pili, Hemal na mkewe Bhavini. La mwisho, Baba Mkubwa, Mama Mkubwa Madhu na chakula. Tuliondoka saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu tulikuwa Watford, bado karibu na nyumbani, tukinywa chai.

Jumamosi, 2 Mei.
Uskoti! Barabara ya upana wa gari moja, milima mitupu, mbingu kubwa kupita kiasi! Niliimba.
Kisha balaa. Mama Mkubwa aliikalia redio yake, kitufe kikabanwa, na kwa maili thelathini hakuna aliyeweza kusema hewani isipokuwa yeye, naye hakujua. Alianza na achari. Akahamia harusi za watu. Akafika kwangu.
"Huyu Arjun wa mdogo wako akili anayo," alimwambia mumewe. "Lakini kichwa chake ni kabati la vyombo vya wageni. Kimejaa, na siku za kazi hakifunguliwi."
Baba Mkubwa alicheka! Nilisikia!
Nikaanza kutunga majibu: hoja tano, zenye mifano. Nyuma yangu Hemal aliwasha na kuzima taa mfululizo. Nilidhani ananipa pole. Nikamjibu kwa taa zangu. Kwenye hoja ya nne sauti ya Mama Mkubwa ilififia, ikakatika. Amejirudi, niliwaza. Hoja ya tano ilikamilika ndani ya zizi la ng'ombe, ambapo barabara ilikwisha.
Hemal alikuwa nyuma yangu, kwa kuitii kanuni ya pili, ameshika kichwa. Gari la tatu halikuwapo. Njia panda tuliyoikosa ilikuwa maili kumi na nane nyuma. Wazee wa miaka sabini, nyikani, na simu zao zimo koponi mwangu. Bhavini alilifungua kopo, akazihesabu simu moja moja. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 3 Mei.
Wapo! Jana jioni tuliwakuta hotelini, wamekwisha kuoga. Kumbe kwenye njia panda Mama Mkubwa alishuka, akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika nguo, wakapewa chai na njia. Nilimfafanulia kwamba kuuliza si mbinu, ni bahati tu. Baba Mkubwa alikiweka kikombe chini.
"Australia tutaongozwa na mama yako mkubwa," akasema. "Wewe utakaa gari la mwisho. Na simu, kila mtu na yake."
Hemal alipiga makofi. Daktari mzima.

Jumatatu, 4 Mei. Queensbury.
Nimetafakari njia nzima. Msafara haukupotea, uligawanyika, na kugawanyika ni mkakati unaojulikana. Aidha, mwenye busara kuliko wote hukaa mwisho, ambapo huwaona wenzake wote. Nimepandishwa cheo, na Baba Mkubwa mwenyewe hajui!
Nimemwandikia Mama Mkubwa waraka wa kurasa kumi na nne kuhusu namna ya kuongoza jangwani. Jibu limekuja baada ya saa moja: nikienda kwake nipitie dukani, nimchukulie viazi kilo tano.
Naam. Ameanza kunitegemea.