Gitaa la Enoki Kanisani, na Mdomo Wangu

Jamani, leo sina pa kuuweka uso.

Nawaandikia nyie wenzangu tuliorudi pamoja kutoka Burma, maana nyie mmeshaniona katika hali mbaya kuliko hii (ingawa sina hakika sana). Niko Iringa, nimejibanza nyuma ya lori la bendi. Watoto wananichungulia na kucheka. Nitasimulia yote kama yalivyokwenda, na walionifikisha hapa nitawataja kwa majina. Shule yangu mnaijua, darasa la pili. Mkikuta herufi imelala, iamsheni mwendelee.

Siku hizi kazi yangu ni mdomo. Serikali ilinipa medali na goti bovu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa nikaambulia mafua, basi nikaingia bendi ya dansi pale Mwanjelwa, Mbeya. Naimba sauti ya pili, na wimbo ukiisha natangaza. Kutangaza nilifundishwa na mwenye klabu, Bwana Mwakasitu. Huyo ndiye mshtakiwa wa kwanza. Aliniambia, "Ambakisye, wimbo ukiisha watu wakanyamaza, wanakumbuka nyumbani. Usiwape nafasi!" Basi mpiga gitaa wetu akimaliza wimbo hugonga nyuzi zake za mwisho, ting, ting, tiiing, na hiyo tiiing haijafa bado, mimi nimeshapaza sauti:

"Kaunta iko wazi, mabibi na mabwana! Mwenye kiu asione haya! Kesho haipo!"

Miaka yote hiyo, kila wimbo. Hata nikiwa usingizini, mtu akigonga sufuria, natangaza. (Mke wangu wa kwanza alisema ndiyo sababu aliondoka. Sababu nyingine sitaki kuzisikia.)

Sasa huyo mpiga gitaa. Anaitwa Enoki, Mhehe wa hapa hapa Iringa, kijana wa miaka kama thelathini. Mimi siyo mtu wa kusifu watu. Maofisa nimewaona, machifu nimewaona, wengi ningewauza kwa kilo ya chumvi. Lakini Enoki nikimwangalia akipiga, hata goti linaacha kuuma. Rumba anapiga, chacha anapiga, na hii mpya ya kurukaruka kama umekanyaga siafu, wanaiita roki, Mbeya nzima yeye ndiye wa kwanza kuipiga. Wasichana wanalia. Vijana wanavua makoti. Yeye mwenyewe ametulia tu, jasho linamtiririka, pembeni yake kibuyu cha togwa.

Togwa, uji usiolevya! Kwa sababu Enoki ni mtu wa dini, tena dini ngumu. Kanisa lao hawanywi pombe, hawavuti, hata chai na kahawa hawagusi. Wasichana wanamwita Bwana Togwa, naye anacheka nao. Jumamosi usiku, Jumapili ikikaribia kuingia, analifunga gitaa lake kwenye blanketi, hata ukumbi ukiwa umewaka moto. Mwakasitu akamkata mshahara. Enoki akasema, "Sawa, mzee," akaendelea kulifunga. Mwaka jana akaja mtu wa santuri kutoka Nairobi, akataka Enoki aimbe wimbo wa kuisifu bia, picha yake ibandikwe madukani hadi Kampala. Mimi ningeimba hata wimbo wa kusifu dawa ya panya. Enoki akamwambia, "Nitafutie wimbo mwingine, bwana, huo nitakuwa nasema uongo." Yule mtu akapanda gari lake akaenda zake.

Ila kanisa lake halikuyaona hayo. Liliona dansi tu. Wakamtenga. Ndiyo kusema hashiriki meza ya Bwana, na mtoto wake hawezi kubatizwa. Mtoto yupo, wa kiume, ameshaota meno. Mama yake, Tulinagwe, binti wa Kinyakyusa wa Tukuyu, anaishi hapa Iringa kwa wakwe zake, na kila Jumapili anakaa benchi la mwisho na mtoto mgongoni, wakati watoto wa wenzake wanapelekwa mbele. Alishasema hatakaa hapo mwaka mwingine. Ama mtoto abatizwe, ama arudi naye kwao, kwa baba yake, mtoto akabatizwe kule. Enoki achague.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamuliwa. Bendi hupiga Iringa kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo jana tulikuwa hapa ukumbini, na leo Enoki ameitwa mbele ya kanisa. Mchungaji alimwambia aje na gitaa, wasikie kama linaweza kumsifu Mungu, na aje na shahidi mmoja anayekuwa naye kila Jumamosi.

Shahidi ndiyo mimi.

"Kaka Ambakisye," Enoki aliniambia asubuhi, "we sema unachokijua tu. Usiongeze, usipunguze."

"Na nikiulizwa kama mimi nasali?"

"Sema ukweli."

Ukweli ni kwamba sijaingia kanisani tangu vita. Wale tuliowazika kule walikuwa wanasali kuliko mimi. Nikaona bora nisiendelee kumkumbusha Mungu kwamba nipo. Lakini kwa ajili ya Enoki nikanyoa ndevu, nikaazima koti kwa dereva wa lori, tukaenda.

Kanisa limejaa. Baridi ya Iringa mnaijua, lakini mimi natoka jasho. Mbele wamekaa wazee wa kanisa, na katikati yao Mzee Mponzi. Huyo ni mrefu, mkavu, ana macho ya sajini anayekagua bunduki. Yeye ndiye aliyesimamia Enoki atengwe. Pembeni yake Mwalimu Luvanda wa kwaya, tai shingoni, nywele zimepasuliwa katikati. Luvanda ndiye aliyekuwa akipeleka habari kwamba Enoki kaonekana dansini. (Mshtakiwa wa pili. Subirini.)

Nikamsalimu Mzee Mponzi, "Kamwene, baba." Akaitikia. Halafu akanusa koti langu. Nawaapia, alilinusa! Nami nilikuwa sijaonja kitu tangu jana. Ni koti la dereva lile.

Ibada ikaenda. Sadaka ikapita. Mchungaji akasimama, mtu mpole mwenye sauti ndogo, akasema, "Ndugu Enoki, tupigie."

Enoki akasogea mbele nami nikasimama kushoto kwake, kama kawaida yetu. Akapiga wimbo alioutunga mwenyewe, wa mkulima anayemshukuru Mungu kwa mvua. Jamani! Mnajua mimi si mtu wa machozi. Lile gitaa lililorusha watu jana lilikuwa linatembea polepole kama mama aliyembeba mtoto aliyelala. Nikaingia na sauti ya pili, ikakaa sawa sawa. Akina mama wakaanza kuitikia wenyewe. Hata Mzee Mponzi nikaona kidole chake kinapiga gotini, kidogo tu, kama anamfukuza nzi. Nikamwangalia Tulinagwe kule nyuma. Amesimama. Mtoto kamtoa mgongoni, kamshika mbele, tayari kabisa.

Nikajisemea moyoni, tumeshinda. Nikafumba macho.

Kosa langu ndilo hilo. Mtu ukifumba macho hujui uko wapi.

Enoki akafika mwisho wa wimbo. Mkono wake nao una mazoea yake. Ting. Ting. Tiiing.

"KAUNTA IKO WAZI, MABIBI NA MABWANA! MWENYE KIU ASIONE HAYA! KESHO HAIPO!"

Kwa sauti ya Jumamosi! Sauti ya kumfikia mtu aliye nje anakojoa! Tena huwa nanyoosha mkono kuonyesha kaunta ilipo, kulia kwangu. Nikanyoosha. Nikafumbua macho. Kidole kimemlenga Mzee Mponzi katikati ya kifua.

Kuku alipita nje, tukasikia nyayo zake.

Nilitamani Wajapani warudi wanimalizie. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu!" Mtoto wa Enoki akaanza kulia. Nikamtazama Tulinagwe, naye ameshaanza kumrudisha mtoto mgongoni, taratibu, anafunga khanga bila kumwangalia mtu. Hapo ndipo nilipoumia, wenzangu. Kuchekwa nimezoea. Lakini yule dada anafunga khanga ile!

Nikageuka kwa Enoki nimwombe radhi. Enoki ameinama. Anakaza nyuzi! Nikitangaza kaunta yeye huinama akakaza nyuzi, ndiyo kazi yake wakati wengine wanakimbilia chupa, na leo mbele ya kanisa zima, kwa mazoea yale yale, ameinama anakaza nyuzi na sikio lake liko juu ya gitaa.

Ila kuna mwingine hakuinama. Mwalimu Luvanda amesimama. Si kusimama kabisa, ile nusu nusu, makalio hewani, mguu mmoja umeshatangulia, mkono umetoka mfukoni na shilingi.

Mzee Mponzi akageuza kichwa polepole kama mzinga.

"Mwalimu. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nanyoosha mguu, mzee. Umekufa ganzi."

"Na hiyo shilingi?"

"Ya sadaka, mzee."

"Sadaka imeshapita."

"Nilikuwa... nataka kuongeza."

Benchi la akina mama likaanza kutikisika. Wanajizuia, khanga mdomoni. Mmoja akashindwa, akatoka nje mbio, tukamsikia huko anacheka hadi anakohoa.

Mzee Mponzi hakucheka. Akaniita. "Wewe bwana. Njoo hapa."

Nikaenda, goti linalia kwii kwii.

"Maneno hayo unayasema mara ngapi kwa siku moja?"

"Kila wimbo, baba."

"Na huyu Enoki, ukiyasema, anakwenda?"

"Hajaenda hata siku moja. Hata chai hanywi. Mimi nimejaribu kumnywesha bia, baba, kwa hila, nikaitia kwenye kibuyu chake cha togwa. Akanusa, akaimwaga, na wala hakunigombeza. Akaniuliza kama nimekula." (Hilo sikupanga kulisema. Enoki alisema nisipunguze.)

"Na Mwalimu wetu?"

Nikamwangalia Luvanda. Luvanda akaniangalia kwa macho ya kuomba. Jana usiku alininunulia bia, ni kweli. Lakini nikamkumbuka Tulinagwe anavyofunga khanga.

"Tukija Iringa Mwalimu hakosi, baba. Anakaa karibu na mlango wa nyuma."

Mchungaji akamwuliza Enoki kwa ile sauti yake ndogo, "Ukirudishwa, utaacha dansi?"

Hapo nikasali. Nasema ukweli, nilisali: ewe Mungu, huyu kijana adanganye kidogo tu, mara moja!

Enoki akaweka gitaa chini. "Mchungaji, siwezi kukudanganya. Nikipiga dansi mke wangu anakula. Na nikilipiga gitaa hili, roki au wimbo wa mvua, aliyenipa mikono ni yule yule. Kulewa sijalewa, mke wa mtu sijamgusa, Jumapili sijaiuza. Hayo nitayashika mpaka nife. Dansi sitaahidi kuacha, maana nitakuwa nasema uongo kanisani."

Kule nyuma Tulinagwe amesimama na mtoto mgongoni. Hakutoka. Nilidhani atatoka.

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Luvanda hakuulizwa chochote. Ndipo Mzee Mponzi akasimama, akasema kwa sauti kavu, "Mimi ndiye niliyetaka atengwe. Niliambiwa na mtu, nikamwamini mtu. Tumewaweka mezani wanaosimama wakiitwa, tukamfukuza anayeinama. Mama, lete mtoto."

Tulinagwe alipita katikati ya mabenchi yale kama bibi harusi. Khanga ilikuwa imefungwa kwa nguvu, fundo likagoma kufunguka, ikabidi akina mama watatu walishambulie kwa meno. Mtoto akabatizwa anapiga kelele kuliko mimi. Enoki alilia waziwazi, mtu mzima, na hakujifuta. Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Koti la dereva lile, lina vumbi.

Nikasema sasa nitoroke. Nikafika mlangoni, watoto wamenisubiri. Wakapiga kwa midomo, "Ting, ting, tiiing!" Na mimi... sitamalizia. Mnajua nilichofanya. Walinisikia mpaka sokoni.

Ndipo bega langu likashikwa kwa nyuma. Mzee Mponzi. Nikafumba macho, nikasubiri.

"Wewe bwana," akasema, "unasali wapi?"

"Sisali, baba."

"Kengele yetu imepasuka tangu masika. Watu wa bondeni hawaisikii, wanachelewa ibada. Ninyi si mnakuja kila mwisho wa mwezi? Jumapili hiyo uwe unakuja mapema, usimame hapa mlangoni, uwaite." Akafikiri kidogo. "Maneno tutakupa mengine."

Wenzangu, mimi niliyenusurika Burma nimepewa kazi ya kengele. Nimemwambia nitafikiri, lakini mnanijua, nitakwenda. Nawaomba tu msinicheke: sauti ninayo hii moja, ya Jumapili sina.