Uzinduzi wa Kiwanda cha Makoti ya Vita, Millers Ford

Mheshimiwa Meya, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Urithi, ambayo mimi, Chester Umholtz, ni mwenyekiti wake, ndugu Mkuu wa Zimamoto, Mchungaji Eshleman, maofisa na askari wa Kikosi cha Millers Ford, mnaovaa sare za mababu kila Julai na kupigana upya, bila risasi, vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani ya miaka ya 1860, wauza soseji, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nasimama kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, mimi nikiwemo, kuzindua awamu ya tatu ya mchakato wa Kiwanda cha Sare za Kale, ambacho, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe, kitashona makoti ya bluu, kofia na mikoba ya risasi kwa asilimia mia moja ya askari wetu, wakiwemo wanaokataa kukubali kwamba wamenenepa. (Makofi. Kapteni anavuta tumbo ndani.)

Kwa kujali afya zenu katika joto hili la Pensilvania, makoti yatakuwa ya nailoni, yenye zipu. (Minong'ono. Sauti: "Zipu? Mwaka 1863?" Askari mmoja anaanguka chali, wenzake wanamkumbusha kwamba vita ni Jumamosi.) Nimesikia. Zipu itafichwa. (Sauti: "Na wewe jifiche!")

Kuhusu sampuli, ni hili koti la sufu nililovaa, lililoshonwa kwa mkono na marehemu Harlan Dietz, ambalo Kamati iliazima kwa mjane wake, Bi. Lorna, mwezi Oktoba. (Bi. Lorna, mstari wa mbele: "Uliliomba kwa wiki mbili, Chester!") Bi. Lorna, wiki za ofisini si sawa na wiki za nyumbani. ("Jumamosi kaka yake Harlan, Virgil, atalivaa asimame mahali pake vitani. Sitaki nafasi ya Harlan ibaki wazi. Kila mwaka alijifanya kufa chini ya ule mti wa jozi, kwenye kivuli, ili nimpelekee maji ya limau. Nirudishie koti langu." Mtu anapenga kamasi.)

Bi. Lorna, hakuna aliyekufa vizuri kama Harlan. Hata maadui walimpigia makofi. Ila koti haliwezi kutoka kwa sasa, kwa sababu za kiufundi. ("Zipi?") Za kimkakati. ("Taja moja!")

Sasa kaulimbiu. Uzi kwanza! (Umati: "Vua!") Sare yetu, fahari yetu! ("Vua!")

Namalizia kwa kuwashukuru wafadhili, ambao hawakupatikana, mafundi, ambao hawakuajiriwa, mwenye kiwanja, ambaye hakuombwa, na Bi. Lorna, ambaye koti lake ndilo mitambo, ndilo bidhaa, ndilo kiwanda chote tulicho nacho, hivyo nikilivua, mradi utabaki na shati langu tu. (Bi. Lorna: "Vua, Chester.")

Haya. (Anahangaika na kifungo cha juu. Bi. Lorna anapanda jukwaani. "Hicho husukumwa kwa kidole gumba. Alikishona mbiombio, tulikuwa tunachelewa harusi." Analipokea koti, analinusa. "Sasa linanuka wewe." Analikumbatia hivyo hivyo.)

Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba kiwanda kimekabidhiwa rasmi kwa mwenyewe. Asanteni sana. Soseji ziko kule.