Vichupa Arobaini Kupitia kwa Bwana Nazari

Wananchi wote, kuanzia milimani Mbinga hadi mwambao wa Nyasa, mnaarifiwa kwamba ngozi na mapafu yenu sasa vina ofisi. Mwenye kukohoa akohoe kwa utaratibu. Atakayekutwa na choa, ugonjwa wa ngozi wa kuambukizana, atakaa kwake siku ishirini na moja: hasaini, hapokei, hapeani mkono.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Nazari, Mratibu wa Ngozi na Mapafu, mtu mwenye suti, muhuri na saa kubwa ya mkononi. Mimi Kunigunda, niliyeishia darasa la nne Kigonsera, ni mjumbe wa kamati ya ofisi hiyo upande wa wazee. Nilichaguliwa kwa kuwahi soda.

Ofisi iliundwa kwa sababu ya Daktari Ephrasia. Huyu ni wa kwetu, wa Mbaha. Mama yake alikausha samaki aina ya mbasa kwa moshi mpaka kope zikaisha. Mtoto akaenda kusoma, akarudi na swali ambalo amelihangaikia miaka kumi na mmoja: akina mama wamekula moshi maisha yao yote, mbona mapafu ya wengine yamechoka na ya wengine bado yanapigana? Na ngozi ya mikono iliyobabuka inajikinga vipi na vijidudu? Basi anakusugua mkono kwa kijiti cha pamba, unakohoa kwenye kichupa, unakwenda zako. Vichupa arobaini vinatakiwa maabara ndani ya siku mbili, vikiwa kwenye barafu. Visipofika vizima, utafiti unafungwa.

Bwana Nazari alimsikiliza huku akijikuna chini ya saa.

"Nakupongeza, Daktari. Lakini makohozi haya yamepitia kwa nani?"

"Yametoka kwa wenyewe, mheshimiwa."

"Yametoka, sawa. Nauliza yamepitia kwa nani."

Ikabainika kwamba hayakupitia kwa mtu. Yalitoka kifuani yakaingia kichupani bila kugusa ngazi hata moja. Ikaagizwa yaanzie kwa balozi wa nyumba kumi, yaende kwa mtendaji wa kijiji, yaje kwenye kamati, yaishie kwa Mratibu. Kila ngazi ifungue, ijiridhishe, isaini.

"Kikifunguliwa kimeharibika, mheshimiwa."

"Kisipofunguliwa, nitajuaje nasaini kikohozi cha nani?"

Kamati tukapiga makofi. Mimi nilipiga taratibu, vidole vinaniuma.

Balozi Jastini alinusa kimoja kimoja. "Hiki cha Otilia, namjua." Mtendaji alivitikisa sikioni. Wajumbe walichungulia, isipokuwa mimi niliyesahau miwani. Bwana Nazari, kwa uzito wa cheo chake, alitia kidole mpaka kwenye fundo, vyote arobaini. Siku ya sita vikaruhusiwa kuondoka. Barafu ilikuwa maji ya kunawia.

Ephrasia alikalia kasha lake. "Bibi, miaka kumi na mmoja."

"Peleka hivyo hivyo, mwanangu. Waambie waandike kila watakachokiona."

Maabara ikampa nafasi ya mwisho ya kurudia, na ikatuma majibu ya vichupa vile. Bwana Nazari akaamuru bahasha ifunguliwe mkutanoni, aisome mwenyewe, ngazi za chini zisije zikaficha kitu. Watu wakajaa. Akasafisha koo.

"Vichupa vyote arobaini vina choa cha aina moja. Si cha akina mama hawa. Kimeletwa na kidole kimoja kilichoingia katika vyote. Mwenye kidole huenda ana duara jekundu mkononi, na linamwasha."

Alipofika hapo akajikuna, kwa mazoea.

Otilia, mkaushaji samaki, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hebu vua saa tuone ni saa ngapi."

Tangazo likasomwa upya, maana sheria ni sheria. Akaenda kwake siku ishirini na moja. Balozi, mtendaji na wajumbe waliogusa vichupa nao wakaambiwa wajitazame kwanza. Muhuri ukakosa mtu, ila ajuza mmoja aliyesahau miwani.

Safari ya pili nilipiga muhuri juu ya vifuniko, arobaini, bila kufungua. Ephrasia aliondoka chai haijapoa. Kesho yake akanipigia simu kutoka maabara. "Bibi, barafu bado ngumu. Vyote vizima."

Siku ya ishirini na mbili Bwana Nazari alikuja kudai muhuri, mkono unanuka dawa, ameshika cheti cha kupona.

"Shikamoo, bibi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniamkia. "Marahaba, baba. Cheti kizuri. Kimepitia kwa nani?"

"Kimetoka zahanati, bibi."

"Kimetoka, sawa."

Balozi Jastini, ambaye ndiye ngazi ya kwanza, yuko Tingi anavuna kahawa, na kahawa mwaka huu ni nyingi. Nikamkaribisha Mratibu kwenye benchi asubiri. Kisha nikajikuna mkono polepole, ingawa mimi siwashwi.