Malalamiko Juu ya Wake Kupewa Usukani

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wasafiri wa Mifereji,

Kwa heshima zote unazostahili, na chache za ziada kwa ajili ya mkeo, mimi Herbert Tunnicliffe, mstaafu, nakuandikia nikiwa nahodha pekee katika mifereji ya Uingereza ambaye hajawahi kugonga daraja hata moja. Haya, ya matofali nimegonga. Ya chuma pia. Lakini hilo silo lililonishikisha kalamu.

Katika toleo lako la Machi ulichapa makala ya mama mmoja, Bi. Pargeter, akiwashauri wake za watu washike usukani, na waume zao washuke wakafungue malango ya maji, yale ya kupandishia na kushushia boti mferejini. Mke wangu Muriel aliisoma kwa sauti tukinywa chai ya asubuhi. Aliisoma mara mbili, ya pili akiniangalia. Kisha akasema: "Bert, kuanzia leo naendesha mimi. Hutaki, nashuka kwa dada yangu Edna, na sipandi tena." Mhariri, umenivunjia nyumba, na nyumba yenyewe ndiyo hii boti. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu tulipostaafu tukauza nyumba ya nchi kavu, miaka kumi na moja sasa, kazi zetu ziligawanywa kwa haki. Mimi nilisimama nyuma na usukani na kikombe changu. Muriel aliruka ukingoni na mpini wa chuma wa kufungulia maji, akauzungusha mpaka maji yajae, akalisukuma lango kwa makalio, nikapita, akalifunga, akakimbilia linalofuata. Yalikuwa mazoezi mazuri kwake. Sasa nasukuma mimi. Makalio yangu, Mhariri, hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Ni kama ubao wa kukatia mkate. Pale Hattersby watu walijaa darajani kunitazama, wanalamba aiskrimu. "Sukuma babu, usilibembeleze!" Mwingine akamjibu: "Muache, huyo kashalala."

2. Anaendesha vizuri. Hili ndilo linalouma. Wiki ya tatu hii hajagusa hata jani. Jirani yetu Cyril, wa boti ya kijani, mtu asiye na haya, aliniuliza mbele za watu: "Bert, mbona boti haina mikwaruzo mipya? Umepigwa marufuku?" Mwanamume atapata wapi heshima ikiwa hata vikombe vya kabatini vimeacha kuvunjika?

3. Mwenye usukani ndiye mchagua njia. Hili Bi. Pargeter hakuliandika, mjanja yule. Pale mfereji unapogawanyika, miaka yote tumekata kushoto, kwenye baa yenye pai za figo. Juzi Muriel alikata kulia, hata macho hakunipa. Kulia ndiko kwa Edna. Nikachungulia chini ya kitanda: begi lake limeshafungwa.

4. Anayefunga lango huachwa. Kanuni inataka ulifunge baada ya kupita, nami naifuata; nikiinua kichwa, Muriel yuko kule, anapunga mkono. Jumanne nilitembea maili nzima kwenye matope. Nilipolalamika alisema: "Maili moja tu, mzee? Mwaka juzi uliniacha maili mbili, mvua inanyesha, wewe unasikiliza mpira redioni!" Ni kweli. Lakini mimi nilimsahau tu. Kumsahau mke ni bahati mbaya. Kumkumbuka mumeo na bado ukamwacha ni ukatili.

5. Kwa hiyo naomba uchape masahihisho, ukurasa wa mbele, kwamba mwanamke haruhusiwi kusogelea usukani kwa hatua tatu, isipokuwa analeta chai. Na Bi. Pargeter apimwe akili. Na mumewe atafutwe, huenda bado yuko kwenye lango fulani, anasukuma.

Nisalimie mkeo, mpiga chapa, paka wa ofisini, na wote wanaoliamini jarida lako.

Ni mimi niliyevuliwa unahodha,
H. Tunnicliffe

N.B. Barua imechelewa kwa sababu tumefika kwa Edna. Muriel aliliweka begi juu ya paa la boti. Edna alikuwa ukingoni na mwavuli: "Haya dada, chumba kiko tayari." Nilichukua mpini nikaenda kufungua lango la mbele, lile la kuendelea na safari, bila kutumwa. Lilinila dakika arobaini. Muriel alikaa akanitazama, chai yake ikapoa. Mwishowe akalirudisha begi ndani. "Edna, tutaonana Krismasi. Bert, kaza mgongo, unasukuma kama padri."

Basi futa yote ya juu. Ichape tena makala ya Bi. Pargeter, kwa herufi kubwa, maana nakala yetu niliwashia jiko na Muriel anaitafuta. Na kwa kuwa ni mimi niliyekuvuta Pasaka boti yako ilipokwama matopeni, nawe umevaa suruali ya kulalia, niazime ile sumaku yako ya kamba. Mpini umenitumbukia majini, na mwanamke keshawasha injini.