Ngumi ya Ufunguzi

Kwa niaba ya Serikali, na kwa niaba yangu mwenyewe, nina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Wilaya ya Kajiado kwamba swali lililokuwa likiwakosesha usingizi sasa limepata jibu. Swali lenyewe ni hili: je, mwaka wa 1999 katika ndondi za kulipwa uliwasisimua mashabiki au uliwachosha? Serikali ilikuwa imeamua kwamba haiwezi kuingia milenia mpya bila kulimaliza jambo hilo. Barabara ya Isinya ingeweza kungoja, na maji ya Kitengela yangeweza kungoja, na kwa hakika bado vinangoja kwa utulivu mkubwa.

Ili kulipata jibu iliundwa Kamati ya Wilaya ya Kutathmini Msisimko. Mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Kuntai, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kutazama pambano la ndondi hadi mwisho bila kusinzia, jambo lililomwezesha kutopendelea upande wowote. Mimi, Kitonga, ndiye katibu. Wapo watu wanaosema kamati ilikuwa na wawili tu kwa sababu wengine wote walikataa. Watu wa Kitengela wana midomo, na siku moja nayo itaundiwa kamati yake.

Wilaya yetu ina ukumbi mmoja tu wa ndondi, ule wa mabati ulio nyuma ya soko la Kitengela. Masharti ya kamati yalikuwa wazi. Mwaka ukionekana kuwa wa kuchosha, leseni za mabondia hazitafanywa upya, na ukumbi utapewa matumizi mbadala. Matumizi mbadala yaliyopendekezwa ni kuhifadhi chakula cha kuku. Kwa bahati njema Mheshimiwa Kuntai anafuga kuku wengi sana huko Isinya, kwa hiyo hatukuhitaji kumtafuta mtaalamu mbali. Magunia ya kwanza yaliingia ukumbini mwezi wa nane, kabla kamati haijakaa hata mara moja, ili yazoee mazingira.

Aliyelalamika zaidi ni bondia mmoja aitwaye Omolo, mpangaji wa pale Kitengela, anayefanya kazi ya saruji mchana na mazoezi ya ngumi jioni. Alikuwa amefikia ule umri ambao mke humuuliza bondia kama bado yumo mchezoni. Alitaka jambo moja: kwenda Nairobi kupigania mkanda wa taifa kabla magoti hayajakataa, na njia ya kwenda huko ilikuwa kumshinda Simel, bondia wa Isinya. Magunia yalipopanda hadi kufikia kamba za ulingo, Omolo alichukua gunia moja, akalining'iniza, akawa analipiga kila jioni. Mheshimiwa aliumia moyoni. Alisema kuku wake hawajazoea kula chakula kilichopigwa.

Haki inanidai niseme kwamba Omolo alikuwa amekwisha kumlaza Simel mara moja, mwezi wa nne, katika raundi ya kwanza. Tatizo ni kwamba mgeni wa heshima, yaani Mheshimiwa Kuntai, hakuwa amefika. Sote tunaujua utaratibu. Iwe ni mchango, iwe ni mashindano ya kwaya, hakuna kinachoanza kabla ya mgeni wa heshima, na hata kikianza, hakijaanza. Mheshimiwa alifika alasiri akitokea kwenye mchango wa kanisa huko Rombo, akaamuru pambano lirudiwe lote tangu mwanzo pamoja na kule kulazwa. Simel akaombwa aanguke vilevile, upande uleule. Wakati huo alikuwa amekwisha kunywa chai na kula chapati, na kichwa kimetulia.

"Mimi nimeanguka tayari," akasema. "Kama mzee alikosa kuona, hiyo si makosa ya shavu yangu."

Wakapigana raundi zote, yeye hakuanguka, ikawa sare. Simel alimfuata Omolo baadaye akamshika mkono na kukiri mbele ya watu kwamba alishindwa. Lakini kukiri kwa aliyeshindwa hakutambuliwi na Serikali mahali ambapo mgeni wa heshima hakuwepo.

Kamati ilisikiliza maoni ya mashabiki mjini Kajiado, katika ofisi yenye viti viwili, kimoja cha mwenyekiti na kimoja cha katibu. Mashabiki wengi walitaka kuzungumzia lile pambano la uzani wa juu kule Amerika, ambapo wakubwa wawili walipigana raundi kumi na mbili kisha watu wakaambiwa ni sare. Mashabiki walianza kuumizana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu yake. Tuliamua kwamba Amerika iko nje ya mipaka ya wilaya, na kwamba hasira yao haiwezi kuhesabiwa kuwa msisimko wa Kajiado.

Shahidi wa maana alikuwa Mugure, mama mwenye kibanda cha supu kinachotazamana na mlango wa ukumbi. Mwenyekiti alimuuliza kama mwaka ulikuwa wa kuchosha.

"Ngumi zilikuwa poa," akasema Mugure. "Shida ni kungojea. Mnaingia saa nane, mnaambiwa mgeni yuko njiani. Akifika ni introductions. Halafu ni speech. Wakati Omolo anavaa glavu, watoto wangu wameshaniitia chakula."

"Na hiyo hotuba," akauliza Mheshimiwa kwa upole, "wewe uliionaje?"

"Ilikuwa tamu, mzee. Ndiyo sababu tulilala vizuri."

Mheshimiwa aliridhika sana, akaniambia niandike kwamba shahidi ameusifu uongozi.

Sasa kamati ilihitaji kipimo. Mheshimiwa alikitunga mwenyewe, na sijaona kipimo safi kuliko hicho. Mwaka utahesabiwa kuwa wa kusisimua iwapo, katika pambano moja mbele ya mgeni wa heshima, ukumbi mzima utainuka na kupiga kelele bila kuamrishwa. Kuinuka kwa wimbo wa taifa hakuhesabiwi, wala kuinuka kwa kumpokea mgeni, wala kuinuka kwenda msalani. Pambano la kupimia litakuwa la marudiano, Omolo na Simel, Sikukuu ya Jamhuri. Mshindi atakwenda Nairobi, mradi tu mwaka uwe umesisimua, maana bondia wa mwaka wa kuchosha angekwenda Nairobi kufanya nini? Nilipomuuliza Mheshimiwa hotuba yake siku hiyo itakuwa ndefu kiasi gani, alinijibu kwamba atazungumza hadi matokeo yapatikane.

Ili matokeo yasitiliwe shaka, alimwalika Mkurugenzi wa ndondi kutoka makao makuu Nairobi, bwana mkubwa mwenye miwani, aje aone kwa macho yake jinsi mashabiki wetu walivyochoka. Tulimkalisha mbele kabisa. Mimi nilikaa karibu naye.

Siku ilipofika, bati liliwaka jua. Magunia yalikuwa yamepangwa kandokando ya ulingo kama ukuta, na watu wakajibana palipobaki. Mheshimiwa alipanda ulingoni akiwa na koti, tai na rungu, akawaamkia kwa Kimaasai, "Sopa!" nao wakaitikia "Epa!" kwa sauti ambayo ilinitia wasiwasi. Lakini baada ya hapo mambo yalikwenda sawa. Alizungumza kuhusu milenia. Alizungumza kuhusu usafi wa vyoo na faida za kuku wa mayai ukilinganisha na kuku wa nyama. Alipofika kwenye chanjo ya vifaranga, safu ya nyuma ilikuwa inakoroma, na Simel mwenyewe alikuwa amelala kwenye kona yake, glavu mapajani. Omolo peke yake alikuwa macho, anarukaruka taratibu asipoe, na anamtazama Mheshimiwa jinsi mtu anavyomtazama daktari aliyeshika matokeo. Mkurugenzi alipiga miayo mara mbili. Niliona kazi ya kamati imekwisha.

Ilibaki ufunguzi tu. Mheshimiwa Kuntai hufungua kila mchezo katika wilaya hii kwa mkono wake, au kwa mguu. Mpira wa miguu hufunguliwa kwa yeye kuupiga wa kwanza, na golikipa hujilaza upande wa pili ili bao liingie. Mbio hufunguliwa kwa yeye kukimbia kidogo mbele, na wanariadha humngoja achoke. Kwa ndondi, basi, ilikuwa wazi kwamba mgeni wa heshima hupiga ngumi ya kwanza. Omolo alielezwa mapema: asimame wima, aipokee kwa heshima, arudi nyuma hatua chache, watu wapige makofi. Alikubali. Angekubali hata kuchanjwa pamoja na vifaranga, bora afike Nairobi.

Mheshimiwa akavalishwa glavu juu ya mikono ya koti. Refa alikuwa Nanjala, askari jela mstaafu, mama asiyechezea sheria. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Mheshimiwa, kengele ilie ama isilie? Maana ikilia, hiyo ni raundi."

"Ilie," akasema Mheshimiwa. "Mimi sifungui kitu kimyakimya."

Kengele ikalia. Mheshimiwa akapiga, ngumi ikampata Omolo puani, damu kidogo ikatoka. Omolo alirudi nyuma kama alivyoagizwa. Nikapiga makofi. Kwa kawaida ufunguzi huishia hapo, lakini nadhani mkono ukishapiga kitu kisichorudisha, huingiwa na tamaa. Mheshimiwa akamfuata, akampiga ya pili, ya sikio. Watu wa mbele walianza kuamshana. Omolo akamtazama refa.

"Madam, hii bado ni ufunguzi ama ni fight?"

"Kengele imelia," akasema Nanjala.

Omolo alifuta pua kwa glavu, akamgeukia Mheshimiwa kwa heshima zote. "Mzee, umemaliza?"

"Serikali haijamaliza," akasema Mheshimiwa.

Ngumi ya tatu aliitoa mbali, nafikiri huko Isinya kwenye mabanda. Ilikuja na koti lote na tai. Naapa mbele ya yeyote anayeapisha kwamba Omolo hakumgusa. Alichofanya ni kuinamisha kichwa. Ngumi ikapita pale kichwa kilipokuwa, na kwa kuwa Mheshimiwa si mtu wa kuuacha mradi wake uende peke yake, akaufuata. Alipita katikati ya kamba, akatua juu ya magunia. Gunia la juu kabisa likasitasita, likaanguka juu yake, na mengine yakaona yasibaki nyuma.

Nanjala akanyoosha mkono akaanza kuhesabu. Nilimpigia kelele kwamba huyu ni mwenyekiti. Alinijibu bila kunitazama kwamba mwenyekiti pia anaweza kuamka. Alipofika kumi, mkono wenye glavu ulitokeza kwenye chakula cha kuku, kana kwamba unaomba nafasi ya kuzungumza, kisha ukazama tena.

Hapo ukumbi uliinuka. Uliinuka wote, wazee, wamama, watu wa mashamba ya maua waliokuwa wametoka Isinya kumshangilia Simel, na Simel mwenyewe, na bati likapokea kelele na kuzirudisha. Mugure alikuwa amesimama juu ya benchi akipunga mwiko wake. Hakuna aliyewaamrisha. Niligeuka ili nimwombe Mkurugenzi aketi, nikakuta ameshika tumbo, miwani imeanguka, machozi yanamtoka, naye amesimama. Halafu nikagundua kwamba kiti changu kilikuwa kimeanguka nyuma yangu, na kwamba ile sauti iliyokuwa ikinipigia kelele masikioni ni yangu.

Pambano lenyewe lilianza mara moja, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na hotuba ya kushukuru alikuwa anapanguswa pumba. Nilikuwa sijawahi kuona ndondi zikianza watu wakiwa bado na nguvu. Simel alipiga vizuri, Omolo akapiga vizuri zaidi, na katika raundi ya mwisho mkono wa kushoto uliokuwa umefunzwa kwenye gunia la kuku ulimkuta Simel kidevuni, akaanguka upande uleule wa mwezi wa nne. Alipoinuka alimshika Omolo mkono na kuuinua juu.

"Sasa mzee ameona," akasema.

Mheshimiwa hakuwa ameona, alikuwa na pumba machoni. Lakini alikuwepo, na sheria inadai kuwepo tu. Omolo alikaa juu ya gunia akalia kama mtoto. Mimi nilifurahi, na ninaiandika furaha hiyo hapa kama maoni ya ofisi.

Siku iliyofuata Mheshimiwa aliniita Kajiado, akataka niandike kwamba mwaka ulikuwa wa kuchosha. Nilimkumbusha kipimo chake. Akataka tukibadilishe. Nikamkumbusha kwamba Mkurugenzi amekwisha kuondoka nacho, na kwamba barabara nzima hadi Nairobi alikuwa akiusimulia ufunguzi kwa dereva. Basi ninatangaza rasmi kwamba mwaka wa 1999 ulikuwa wa kusisimua, kwamba ukumbi unabaki kuwa ukumbi, na kwamba magunia yamerudi Isinya isipokuwa lile moja, ambalo limeharibika kwa kupigwa.

Makao makuu yamefurahi. Katika daftari la mabondia, kwa kuwa kengele ililia na refa akahesabu, Mheshimiwa Kuntai ameandikishwa kuwa bondia wa kulipwa: pambano moja, kushindwa mara moja, na mpinzani wala hakumgusa. Tena wameagiza kwamba, kwa ajili ya kudumisha kiwango hicho cha msisimko, atafungua mwenyewe kila pambano la wilaya katika mwaka wa 2000, na kengele ilie. Tangu hapo tunamwona ukumbini jioni, koti limetundikwa ukutani, anapiga lile gunia lake mwenyewe huku Omolo akimsisitizia kwa subira, "Mzee, kichwa. Inamisha kichwa."

Jana alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya chini. Aliuliza kama kamati inaweza kukaa mapema, hata wiki hii, itangaze kabisa kwamba mwaka 2000 ulikuwa wa kuchosha, ili mambo yaishe. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba utaratibu anaujua. Hakuna kinachoanza, wala hakuna kinachokwisha, kabla mgeni wa heshima hajafika.